Mhariri, maji yanaingia shambani ila hayana pa kutokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja la umwagiliaji, na naomba usinikate sana manake ukikata utabakisha yale yale tunayosoma kila wiki, banio la kukinga maji mtoni limezinduliwa, mfereji mkuu umesakafiwa, hekta zimeongezeka. Hayo yote ni mazuri na mimi ni wa kwanza kushukuru, mi ni mkulima wa mpunga huku tambarare ya Kilimanjaro, bila mfereji hapa hakuna mpunga kabisa, mvua ya Same mwaka wa kawaida haifiki hata milimita 600 na jua la huku mnalijua. Ninachosema ni kwamba tunajenga njia ya maji kuingia shambani halafu ile ya kutoka tunaiacha, na ardhi inakufa taratibu huku kwenye ripoti bado inahesabiwa kuwa ni skimu.

Watu wengi wakisikia mtaro wa kutolea maji wanafikiria mafuriko tu, mvua ikizidi maji yapate pa kwenda. Hiyo ni kazi yake moja. Kazi ya pili ndo kubwa zaidi huku kwenye ukame na ndo haizungumzwi, nayo ni kutoa chumvi. Maji ya mto hata yale unayoyaona masafi unayanywa yana chumvi kidogo ndani yake. Mpunga unakunywa maji na jua linakausha mengine, ila chumvi haipandi na mvuke, inabaki pale pale kwenye udongo kama sufuria ya maji ya chumvi ukiiacha jikoni mpaka ikauke. Piga hesabu mwenyewe: maji yenye nusu gramu ya chumvi kwa lita ukionja huwezi kujua kama yana kitu, lakini hekta moja ya mpunga ukiimwagia mita za ujazo 10,000 kwa msimu umeiingizia tani 5 za chumvi. Tani tano, kwenye hekta moja, msimu mmoja. Kama hakuna mtaro wa kuyapokea maji yaliyopita kwenye mizizi yakaondoka na hiyo chumvi basi inabaki, msimu ujao nyingine inakuja juu yake.

Na maji yale yanayozama chini bila kutoka yanafanya jingine, yanapandisha maji ya ardhini. Yakishafika karibu na uso wa ardhi yanavutwa juu na jua hata msimu ambao hujalima, unaacha shamba lipumzike unarudi unakuta ukoko mweupe. Sisi huku tunaita magadi. Mkulima wa huku hahitaji maabara kujua shamba limeingia magadi, udongo ukilowa unakuwa mweusi unateleza kama umepakwa mafuta, ukikauka unakuwa mgumu jembe linadunda, maji yanasimama juu hayazami, miche inakuwa njano halafu inakufa kwa viraka viraka, kiraka cha mwaka huu mwakani kimeungana na cha jirani. Unaongeza mbolea wapi, mbolea haisaidii kitu pale. Maana tatizo letu huku sehemu nyingi ni ile chumvi ya sodiamu, inauvuruga udongo wenyewe, inaziba vile vitundu vya kupitisha maji na hewa, kwa hiyo unavyozidi kuchelewa ndo maji yanavyozidi kukataa kupita na kusafisha.

Sasa mtu ataniuliza mbona wazee wetu wamemwagilia miaka na miaka. Ni kweli, Wachagga wana mifongo yao inashuka mlimani toka enzi na enzi, Wapare wana ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili mchana yafunguliwe, na magadi hayakuwasumbua. Sababu ni kwamba kule ni mlimani, ardhi ina mteremko, maji yanajitoa yenyewe, na mvua ni nyingi inaosha udongo kila mwaka. Sisi tumeishusha kazi ile ile tambarare, kwenye udongo mfinyanzi, mvua kidogo, jua kali, mteremko hakuna, na sehemu nyingi maji yanayotufikia yametoka kwenye miamba ya volkano ambayo yenyewe ina hiyo sodiamu. Mlima ulikuwa unafanya kazi ya mtaro bure, huku chini lazima tuchimbe.

Na sio kwamba wataalamu hawajui. Mradi wa Lower Moshi uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987 ulichorwa ukiwa na mifereji ya kuingiza na mitaro ya kutoa, majaruba, yaani vile vipande vya mpunga vyenye kingo, yamepimwa yamenyooka, hekta 2,300 kwa jumla na 1,100 kati ya hizo za mpunga, na mavuno yaliruka kutoka kama tani 2 kwa hekta mpaka tani 6. Ndungu hapa Same hekta 680 zikafuata, mradi ukakamilika mwaka 1990, Wajapani hao hao. Watu walitoka mbali kuja kujifunza, chuo cha Chekereni kikawa kinafundisha wakulima wa nchi nzima. Lakini hata huko magadi yamepatikana na yameandikwa na watafiti, maana mtaro kuchimbwa siku ya kwanza ni jambo moja na kuutunza miaka thelathini ni jambo lingine. Mtaro ukijaa matete na tope ni sawa na haupo.

Nieleze ya huku kwetu, skimu siitaji maana sitaki ionekane namsema mtu, na hata hivyo nimetembea skimu nyingine nikakuta ni hivyo hivyo. Kwenye mchoro mitaro ya kutolea maji ipo. Kazi ikaanza juu, banio zuri, mfereji mkuu zege tupu, vigawa maji na mageti yake, kila kitu. Ilipofika zamu ya mitaro muda umeisha, hela imepungua, kijiko, ile mashine ya kuchimba, kikachimba kipande kikaondoka. Mtaro ule unaenda unafika mahali unaishia katikati ya mashamba ya watu, hauna pa kumwaga. Halafu zile hifadhi za mtaro, yaani ile ardhi iliyoachwa pembeni ili mtaro usafishwe, watu wakazilima, wengine wakapanda mpaka migomba, na siwalaumu sana maana waliona eneo halina kazi na hakuna aliyewaambia linafanya nini. Mradi ukakabidhiwa. Picha zilipigwa banioni.

Na wanaoumia ni wale wa mkiani, mwisho wa mfereji. Yaani skimu zetu zilivyo, mwenye shamba karibu na banio anapata maji masafi na ya kwanza, anayazidisha hata kama hayahitaji maana anaogopa kesho hatapewa, ile ziada inashuka kwa wa chini. Wa mkiani anakosa maji wakati wa kupanda halafu anazamishwa wakati wa kuvuna. Na mkiani huko ndo kuna wajane, vijana wanaokodi, watu waliohamia wakapewa vipande vilivyobaki. Heka yake ikiingia magadi anaambiwa mvivu hapalilii. Kuna akina mama nawafahamu wameacha kabisa vipande vyao, wanaenda kupanda mpunga wa watu kwa kibarua, na kwenye daftari la skimu vipande vile bado vina majina yao na michango wanadaiwa.

Hata kwa asiyekuwa na magadi mtaro ni hela. Mpunga unahitaji maji ila sio siku zote, unafika wakati wa kuvuna unatakiwa ukaushe jaruba, kama maji hayana pa kwenda kombaini inazama haiingii, unarudi kwenye mundu na vibarua, mpunga unalala kwenye tope, unaoza, mchele unakuja na rangi mbaya mnunuzi anakupunja na ana haki. Kile kilimo shadidi tunachohimizwa, cha kupanda mche mmoja mmoja na kuacha jaruba likauke kidogo halafu ndo unaingiza maji tena, kinaokoa maji sana na ni kitu kizuri mno, lakini utakausha vipi jaruba ambalo halina tundu la kutolea? Jirani akifungulia yanakuingia wewe. Na baada ya mpunga mtu angependa apande maharage, mahindi, vitunguu, nyanya, hivyo vyote mizizi yake inataka hewa, kwenye maji yaliyosimama vinakufa kwa siku chache. Sijagusa mbu na kichocho kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba, watoto wanaoga humo.

Nije kwenye taifa. Tunaambiwa nchi yetu ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa, ingawa ukisoma vizuri zile zinazofaa sana ni milioni 2.3 tu, nyingine ni za kati na nyingi ni za chini. Lengo lililowekwa lilikuwa kufika hekta 1,200,000 mwaka 2025. Bajeti ya Wizara ya Kilimo iliruka kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 mpaka bilioni 954 mwaka 2022/23 na sehemu kubwa ya hilo ongezeko ikaenda kwenye umwagiliaji, mabwawa yakaanza kuchimbwa Membe, Msagali, Mkomazi, skimu za zamani zikaanza kukarabatiwa. Mimi kama mkulima nasema hela hii haijawahi kutokea na ndo maana naandika sasa hivi sio baadaye. Maana kuchimba mtaro wakati vijiko viko saiti tayari ni kazi ya udongo tu, haihitaji zege jingi wala nondo, ila kuja kufufua ardhi iliyokwisha kuingia magadi gharama yake ni nyingine kabisa na miaka inapita mkulima hana kipato.

Waulizeni Wamisri. Walipomaliza bwawa la Aswan kwenye mto Nile mwaka 1970 wakapata maji mwaka mzima, wakalima misimu miwili mitatu kwa mwaka, na mto ukaacha kufurika ule mfuriko uliokuwa unaosha udongo. Haikuchukua muda maji ya ardhini yakapanda na chumvi ikaanza kutoka. Wakaunda mamlaka ya serikali inayojitegemea ya mitaro tu, mwaka 1973, kazi yake ni mitaro basi, wakalaza mabomba yenye matundu chini ya mashamba, zaidi ya mita moja kwenda chini, na mpaka leo wameshafikisha zaidi ya hekta milioni moja na nusu. Wakulima wadogo hao, wenye vipande vidogo kama sisi. Pakistan nako bonde la mto Indus liliingia chumvi mpaka kuanzia miaka ya 1960 wakawa wanachimba maelfu ya visima kupampu maji ya ardhini yashuke. Wote hao walijenga mifereji kwanza, mitaro wakaikumbuka ardhi ilipoanza kufa. Sisi tuna bahati ya kuanza tukiwa tumeshaona ya wenzetu.

Kuna hili la bonde la Usangu, Mbeya, pia. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lawama zikaenda kwa wakulima wa mpunga na kwa wafugaji, mwaka 2006 watu na ng'ombe wao wakaondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu, na kila mgao wa umeme ukija mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yalikuwa yanatajwa. Sikatai kwamba maji mengi yalichukuliwa. Lakini maji unayoyatoa mtoni ukayapitisha kwenye jaruba hayaishi yote shambani, kiasi kinabaki na kingerudi mtoni kama kungekuwa na mtaro wa kukirudisha. Mifereji mingi ya kienyeji haina, maji yakipita shamba la mwisho yanasambaa mbugani yanakauka na jua, hayajamfaidisha mkulima wala tembo wa Ruaha wala mitambo ya umeme. Sasa tuna bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 linalotegemea bonde la Rufiji, na Ruaha Mkuu ni mmoja wa mito inayoingia humo, kwa hiyo mtaro wa mkulima wa Mbarali, huko huko Usangu, ni jambo la mtu wa Dar es Salaam anayewasha friji.

Na niseme ukweli wote, mtaro nao una shida zake, ukitoa chumvi na dawa za magugu shambani kwangu nampelekea mtu mwingine huko chini. Maji ya upande wa Lower Moshi yanaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna wavuvi pale. Kwa hiyo mtaro lazima ujulikane unamwaga wapi kabla ya kuchimbwa, levo zipimwe mpaka mwisho, watu wa bodi ya maji ya bonde wawepo, na dawa zinazopigwa zipunguzwe. Ni kazi ya injinia na ya mkulima kwa pamoja. Mtaro wa nusu mita unatosha kutoa maji ya juu ili uvune, ila wa kutoa chumvi lazima uende chini ya mizizi, mita moja na zaidi, na huo hauchimbwi kwa jembe la mkono wala kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wa siku moja, unahitaji mashine.

Nachoomba kwa Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ni vitu vichache. Mkandarasi asilipwe ile hela ya mwisho na mradi usikabidhiwe mpaka mtaro mkuu wa kutolea maji umefika unapomwagia, mtu atembee kwa miguu kutoka banio mpaka mwisho ahakikishe. Mkitangaza hekta mpya basi kila mwaka mtangaze na hekta zilizoachwa kwa magadi na kutuama maji, hata kama inaumiza, tujue tunaongeza au tunahama tu. Udongo upimwe kabla ya mradi na upimwe tena kila baada ya miaka michache, Mlingano pale Muheza tuna kituo cha utafiti wa udongo, wapeni gari na mafuta wafike mashambani, matokeo yasomwe kwenye mkutano wa wakulima kwa Kiswahili. Na ile sheria ya umwagiliaji ya mwaka 2013 iliyoanzisha Tume ilianzisha na Mfuko wa Maendeleo ya Umwagiliaji, sehemu ya hela za Mfuko iwekewe alama kabisa kwamba hii ni ya kusafisha mitaro haiguswi kwa kingine.

Halafu kuna jasi. Hili linaniuma sana. Dawa inayojulikana ya udongo wenye sodiamu ni jasi, unaimwaga shambani, kalisiamu yake inaisukuma sodiamu itoke halafu maji yanaiosha, na tena narudia, yanaiosha kama kuna mtaro, bila mtaro jasi ni hela umetupa. Sasa jasi hiyo inachimbwa Makanya, hapa hapa Same, malori yanapita barabarani kila siku yanapeleka viwanda vya saruji. Mkulima wa magadi yupo wilaya hiyo hiyo moja na jasi na hajawahi kuiona. Kama mbolea inapewa ruzuku kwa nini jasi isipewe kwa skimu zenye magadi, usafiri wenyewe ni mfupi. Afisa ugani akija na mpango wa namna hii, mtaro kwanza, jasi, samadi, mwaka wa kwanza unaosha na maji, nakuhakikishia wakulima watachimba mitaro midogo ya ndani wenyewe bila kusukumwa, maana wanajua wanakwenda wapi.

Na sisi wakulima tuna letu. Vyama vyetu vya umwagiliaji tukikaa mkutano agenda ni zamu za maji, zamu za maji, zamu za maji, mtaro unakuja mwisho watu wameshaanza kuondoka. Tuliolima hifadhi za mitaro tutoke, kwa kupewa muda wa kuvuna kilichopo, sio kufyekewa. Siku za msaragambo wa kusafisha mfereji ziwe na siku za kusafisha mtaro, na watu wa juu washuke mkiani kusafisha maana maji yanayojaa kule ni ya kwao.

Kwako wewe Mhariri ombi langu ni moja, nalo linawezekana wiki hii. Mwandishi wako akialikwa kwenye uzinduzi wa skimu yoyote, Mbeya, Morogoro, Manyara, popote, apige picha zake za banio kama kawaida, halafu aombe mtu wa kijijini ampeleke shamba la mwisho kabisa. Aulize mtaro uko wapi na unamwaga wapi. Amuulize mama mwenye hilo shamba alivuna magunia mangapi miaka ya nyuma na mwaka huu amevuna mangapi, aandike majibu yote mawili.

Mkulima wa mpunga,
Same, Kilimanjaro